Siku Tulipoliposa Gari Uyole

Nianze kwa kukiri, maana hata nikificha haitanisaidia kitu: kuna watu pale Mlandege, mtaani kwetu Iringa, ambao mpaka leo wakiniona hawanisalimii, wanapiga vigelegele kwanza halafu ndiyo wanauliza habari za asubuhi. Mzee mmoja wa kanisani kwetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alinisimamisha mbele ya bucha akaniuliza kama nimeshapeleka blanketi la bibi. Nikamwambia nimepeleka. Na kweli nilipeleka, na hiyo ndiyo aibu yenyewe ninayotaka kuwasimulia, ili mkiisikia kwa wengine mjue wameongeza chumvi wapi (yangu mimi ni chumvi ya kawaida, ya mezani tu).

Mimi nina kaduka ka madaftari na mashine ya fotokopi. Mke wangu, Mama Eliza, anauza mitumba sokoni. Tulijibana miaka sita, faida ya madaftari huku na kikoba chake kule, mpaka tukafikia kiasi cha kununua gari ndogo ya familia, na rafiki yangu mmoja akanitumia picha ya gari moja nyeupe iliyokuwa kwenye yadi ya mama mmoja huko Uyole, Mbeya, anaitwa Mama Lusajo. Ilikuwa mpya kwa upya wetu sisi, yaani imeshuka melini kutoka Japani, hakuna Mtanzania aliyewahi kuikalia, na viti bado vina nailoni. Kwenye kioo ilibandikwa karatasi: milioni kumi na nne.

Sasa binti yetu Eliza alikuwa anapokea kipaimara Jumapili ya wiki ileile, na mimi kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama katikati ya jumuiya, nilikuwa nimetangaza kwamba mwanangu atakwenda kanisani kwa gari la baba yake. Eliza akaondoka na neno hilo, akawaahidi lifti wenzake tisa wa mafundisho. Tisa. Gari la watu watano.

Jumatano jioni mke wangu akanipa maelekezo, na nayaandika yote kwa sababu hayakuwa marefu.

"Baba Eliza, ukifika uliza bei ya mwisho. Akikutajia, mwambie akupunguzie. Akipunguza, lipa, uje. Usianze maneno yako."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini mimi nimesoma masomo ya jioni miaka minne, nikitoka dukani na njaa yangu mpaka darasani, na katika somo la biashara nilipata B (cheti nimekitoa kopi, nimekibandika dukani juu ya mashine, atakaye aje akisome), na mwalimu wetu alituambia kupatana bei ni taaluma na taaluma ina watu wake. Halafu najijua. Niliwahi kununua kuku Makambako kwa bei ambayo muuzaji mwenyewe alinisindikiza mpaka stendi. Kwa hiyo nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu. Nikampigia simu Mjomba Gaudensi.

Mjomba Gaudensi anaishi Nyololo na ni mshenga. Siyo mshenga wa kubahatisha, ni mshenga ambaye Mufindi nzima ikitaka kuoa inamtafuta yeye kwanza, binti baadaye. Wapwa kumi na saba amewapatia wake, na kila mahari aliyoigusa ilipungua. Inasemekana huko Mgololo kuna familia ilitaja ng'ombe wanane na mzee akatoka pale na binti kwa mbuzi watatu na redio.

"Gari, binti, ni mambo yaleyale," aliniambia kwenye simu. "Mwenye mali anataka kikubwa, wewe una kidogo, katikati hapo panahitajika mdomo. Mdomo ninao."

Alhamisi nikapanda basi Iringa, nikamkuta Nyololo amesimama kando ya barabara na koti lake la posa na fimbo. Kabla hatujafika Makambako alikuwa ameshanipa sheria. Ya kwanza, bwana harusi hasemi. Ya pili, bwana harusi haangalii mali, anaangalia chini, kwa sababu ukionyesha umependa umekwisha. Ya tatu akanipa karatasi nimwandikie barua.

"Barua ya nini, Mjomba?"

"Ya posa. Unaingiaje kwa watu bila barua, kama umefukuzwa?"

Nikaandika, basi linaruka, yeye anataja. Nakiri pia kwamba mwandiko ulitoka mzuri.

Ijumaa saa tatu asubuhi, baridi ya Uyole inauma masikio, tukaingia yadi. Mama Lusajo alikuwa kwenye kiti na sweta lake zito, anakunywa chai.

"Karibuni, baba zangu. Mnatafuta gari?"

"Sisi wapita njia tu, mama," akasema Mjomba, akivua kofia. "Tumetoka mbali, tumechoka, tukaona moshi kwenye nyumba yako, tukasema hapa pana watu." (Moshi ulikuwa wa lori lililokuwa linapasha injini.)

Mama Lusajo akamtazama. Akanitazama mimi, ninayeangalia chini. Akaitazama bahasha. Akaweka kikombe taratibu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeletewa Krismasi mwezi wa sita.

"Kama ni hayo," akasema, "mimi peke yangu siwezi kuwasikiliza. Ngojeni niite mashangazi."

Mashangazi walikuwa akina mama wanaouza viazi kando ya barabara. Walikuja saa hiyohiyo na vigoda vyao, wanane, wakiongozwa na mmoja mkubwa kwa umri aliyeitwa Bibi Tumpe, wakakaa mstari. Nyuma yao wakaja madereva wa malori. Nyuma ya madereva, kwa hesabu yangu, ikaja Mbeya iliyobaki.

"Mugonile," akasema Bibi Tumpe, akitusalimia kwa Kinyakyusa.

"Kamwene," akajibu Mjomba kwa salamu ya kwetu.

"Mmesema mmeona moshi. Moshi wetu hauonwi bure. Tupeni kifungua mdomo tuwasikilize."

Walitaja elfu hamsini. Mjomba akashusha mpaka thelathini, akanigeukia na kunikonyeza kwa fahari. Nilitaka kumwambia kwamba dukani mtu halipii kuongea na mwenye duka, lakini bwana harusi hasemi, nikatoa.

Dereva mmoja mwenye sauti akapewa asome barua. "Sisi ukoo wetu wa Iringa," akasoma, na watu wakanyamaza, "tumeona katika zizi lenu binti mweupe, mpole, mwenye macho mawili mbele na mekundu nyuma, ambaye tumesikia hali sana mafuta, nasi tunaomba aje atupe heshima." Mashangazi wakaegemeana kwa kicheko. Mjomba hakucheka. Mjomba akiwa kazini hacheki.

"Binti ametokea wapi?" akauliza.

"Japani," akasema Mama Lusajo.

"Aliwahi kuolewa?"

Mama Lusajo akasita kidogo. "Huko kwao, mara moja. Lakini alitunzwa."

"Alikaa kwa mume muda gani?"

"Kilomita elfu tisini."

"Mama," akasema Mjomba kwa huzuni, "hiyo ni ndoa kabisa." Na hapohapo akashusha laki saba. Nisimnyime haki yake, laki saba zilishuka mbele ya macho yangu, au tuseme mbele ya masikio yangu, maana macho yalikuwa bado chini na mpaka muda huo katika gari lile nilikuwa nimeona matairi tu. Matairi yalikuwa mazuri.

Ndipo nikafanya kosa la kusema. Niliona tunaelewana, nikainua kichwa, nikasema kwa adabu zote, "Samahani, naweza kulijaribu kidogo, nizunguke nalo mpaka hapo njia panda?"

Sijawahi kusikia kelele ya namna ile. Bibi Tumpe alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kabla ya mahari? Amjaribu? Nyie wa Iringa ndivyo mnavyofanya huko kwenu?"

"Mwanangu," Mjomba akaninong'oneza, "umeniaibisha mbele za watu."

Ikatajwa faini ya bwana harusi kusema, halafu faini nyingine ya kile alichokisema. Likafuata blanketi la bibi, na bibi alikuwepo, ni Bibi Tumpe, akasema anataka zito, Mjomba akaahidi nitalileta. Ukafuata mkaja wa mama. Kila kilichotajwa Mjomba alikikata nusu, anatoa jasho kwenye baridi ile, na kila alipokata watu walimpigia makofi, mpaka nami nikajikuta napiga makofi huku nalipa.

Kufika saa saba bei ya gari lenyewe ilikuwa imetulia kwenye milioni kumi na mbili na laki tisa. Nikahamisha pesa kwa simu, nikaandikiwa risiti. Moyoni nikaona Eliza ameshafika kanisani. Mjomba akasimama, akashukuru kwa maneno marefu, akapeana mkono na Mama Lusajo, akasema:

"Basi, tutajieni siku ya kuja kumchukua."

"Wiki mbili zinatutosha kumwandaa," akasema Mama Lusajo.

"Wiki mbili ni sawa," akasema Mjomba, akavaa kofia.

Nilidhani wanatania. Nikamfuata Mjomba, nikamvuta koti. "Mjomba, tunaondoka na gari sasa hivi."

Akanitazama kama nimemwomba tukaibe sadaka. "Ulishaona wapi binti anaondoka siku ya mahari? Huko ni kutorosha. Mimi sijawahi kutorosha mtoto wa watu tangu nizaliwe, na Uyole sianzi."

Nikageuka kwa Mama Lusajo, nikaona funguo amezifunga kwenye pindo la kitenge, na mashangazi wanatikisa vichwa kwamba mzee ana busara. Nikamwona Eliza wangu Jumapili, na gauni lake jeupe, na wenzake tisa wamepanga mstari nje ya nyumba yetu, wanangoja. Hapo sheria zote zikanitoka, ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Mama," nikasema, na sauti ilitoka vibaya, ya juu kama ya jogoo mchanga, "keshokutwa mwanangu anapata kipaimara. Nilimwahidi gari hili mbele ya watu. Pesa ile ni ya miaka sita, na nusu yake ya mke wangu, na gari nimelipenda tangu kwenye picha. Sina maneno mengine. Naomba niondoke nalo."

Mashangazi wakaacha kutikisa vichwa. Hata lori lilizimwa. Mama Lusajo akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, mchezo wote ukamtoka usoni.

"Baba, sasa si ungesema hivyo asubuhi?" akasema taratibu. "Mtu wa kipaimara mimi namwachia kwa kumi na mbili na nusu. Ile karatasi kwenye kioo ni ya watu wenye maneno mengi."

Nikamtazama Mjomba. Mjomba alikuwa anakagua ncha ya fimbo yake.

"Kwa hiyo ile laki nne inayozidi..." nikaanza.

"Wamekubaliana wakubwa, mbele ya mashahidi," akasema Mama Lusajo. "Mimi nani nivunje? Lakini faini ya kutorosha nakusamehe. Mchukue. Ila aondoke kwa heshima."

Kwa heshima maana yake walilifunika gari boneti kwa khanga, mimi wakanivisha kitenge begani na shada la maua ya viazi shingoni (msiniulize), wakanikalisha kwenye usukani, Mjomba kando yangu, wakaanza kuimba na kucheza mbele ya gari, na simu zaidi ya ishirini zimeinuliwa juu. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Halikuwaka. Nikabonyeza tena. Mimi nilijifunzia udereva kwenye pikapu ya mwaka wa zamani sana, ya kuwasha kwa ufunguo na sala. Walimaliza wimbo, wakauanza upya, wakaumaliza tena, mimi natabasamu na kubonyeza, mpaka Bibi Tumpe mwenyewe, mwuza viazi, akainama dirishani akaniambia, "Mkwe, kanyaga breki kwanza." Nikakanyaga. Likawaka. Shangwe lile lilisikika Tukuyu.

Tulilala Nyololo, na Mjomba alikula ugali wake kwa amani akisema hajawahi kushusha mahari ya mtoto wa Kijapani hata siku moja, kwa hiyo nimshukuru. Jumamosi asubuhi nikaingia Mlandege. Video ya Uyole ilikuwa imefika jana yake. Mke wangu alisimama getini na majirani wote, mikono kiunoni, akanipita mimi kama mlingoti wa umeme, akainama kwenye taa za gari.

"Karibu, Bi Mdogo," akaliambia. "Jisikie nyumbani. Mume wetu huyu ndivyo alivyo, utamzoea."

Halafu akanigeukia. "Uliuliza bei ya mwisho?"

Nikaanza kufuta vumbi la boneti. Alielewa. Hajaniuliza tena mpaka leo, na ningependa aniulize.

Jumapili Eliza alikwenda kanisani kwa gari la baba yake, na wenzake tisa, kwa safari tatu, na katika safari zote tatu mimi ndiye niliyeendesha huku watoto wakiniuliza kama Bi Mdogo anajua Kiswahili. Baada ya misa nikaliegesha mbele ya kanisa libarikiwe. Padri akaja na maji ya baraka, akalizunguka, akasimama, akaniangalia.

"Baba Eliza, hili nalibariki kama gari," akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado shingoni kwake. "Ndoa ya pili sifungishi."

Kwaya ilishindwa kumalizia wimbo wa kutokea. Eliza ndiye aliyecheka kuliko wote, ameshika mlango wa mbele, gauni jeupe, na nikasema moyoni basi, acha wacheke, mtoto amefika.

Lakini nimeapa. Nikitaka kununua kitu tena, hata kama ni pampu ya baiskeli, nitakwenda mwenyewe, nitakitazama nilivyopenda, nitamwambia mwenye nacho kwamba nakitaka, nina kiasi hiki, na shida yangu ni hii. Halafu nitanyamaza. Kunyamaza ndiko kutakakonishinda, lakini nitajitahidi.