Betri Zilizojazwa Kabla ya Ramadhani

Mwaka 1992, nikiwa na miaka ishirini na sita, mume alinipa talaka hapa hapa London, akaniachia watoto wawili na flati ya kaunsili, yaani ya kupanga kwa serikali ya mtaa, kule Thamesmead. Kusoma nilikomea darasa la nne, kwetu Wete, Pemba. Kiingereza changu kilitosha kupandia basi. Nikafagia maofisi, nikajibana, nikanunua kamera ya video, maana harusini kwetu mpiga picha mwanamume haingii kwa wanawake. Nikaingia mimi.

Basi sikiliza, mwanangu. Ipo siku moja ambayo nashukuru kila nikiikumbuka, ingawa yenyewe ilipokuwa ikipita nilitamani ardhi inimeze.

Ramadhani kwetu hakuna harusi. Hubanana Shaabani, kisha tena baada ya Idi. Mwisho wa Shaabani nikajaza betri zote za kamera mpaka taa ya chaja ikawa kijani, nikazifunga kitambaani na kuzitia kwenye kabati la boila, lile tangi la kuchemshia maji ya nyumba. Ilikuwa majira ya baridi, na kabati lile kavu, lina joto. Nilizitunza kama nguo za mtoto. Mwezi mzima sikuzigusa. Zimejaa, nikajiambia, kwani nani kazitumia?

Idi ikapita, nikaitwa Peckham kwenye harusi ya Raya. Mama yake alikuwa Pemba, kanyimwa viza. Mtoto mmoja tu wa kike, na hakuna njia ya kumwona siku yake ila kwenye kaseti yangu. Nilijua hivyo, na nilikuwa nimemwahidi kwa simu.

Biharusi kapambwa, vigelegele vimeanza, anatolewa chumbani ashuke ngazi kwenda kwenye gari. Nikawasha kamera. Ikawaka, ikazima. Nikatia betri ya pili, ikazima. Ya tatu haikuwaka kabisa.

Bi Zuhura, somo wake Raya, yaani mama mtu mzima aliyemfunda, akaniona nazitoa na kuzirudisha.

"Asha, kuna nini?"

"Betri, Bi Zuhura. Nilizijaza, wallahi."

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Akanitazama juu mpaka chini. "We mtoto! Ulikula mwisho wa Shaabani ukashiba. Ndiyo ukafika Idi bila daku?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi machozi.

Chini, bwana harusi anapiga honi. Mmoja akasema tuharakishe, watu wanangoja. Bi Zuhura akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hatoki mtu hapa. Na apige honi mpaka betri ya gari imfie, aje naye atuombe plagi! Asha, hiyo mashine haili umeme wa ukutani?"

Inakula, ila kwa waya mfupi. Basi harusi ikaja kwenye waya. Kochi likasogezwa, mimi nikapiga magoti karibu na plagi, na Raya akatolewa chumbani upya, akazungushwa sebuleni kwa nyimbo kama vile ndiyo njia nzima ya kwenda kwa mumewe. Bi Zuhura akamwinua kidevu. "Sema na mama yako." Raya akasema, "Mama, nitazame." Zaidi ya hapo hakuweza. Nilipiga picha ile huku sioni vizuri kwa machozi.

Mama yake aliipata kaseti, akanipigia simu kuniombea dua ndefu mpaka salio likamkatikia.

Muhindi mmoja wa Mombasa mwenye duka Edgware Road ndiye aliyenieleza. Betri hizi, alisema, hata ukae hujazigusa zinavuja nguvu kidogo kidogo, na kwenye joto zinavuja zaidi. Ziweke mahali pa baridi na pakavu, ujaze karibu na kazi. Miaka ya elfu mbili zikaja za aina nyingine zinazokaa muda mrefu hazijaisha. Nikazinunua. Na bado najaza siku moja kabla.

Lakini ninayemshukuru zaidi ni Bi Zuhura. Alinisema mbele ya watu, kisha kila harusi iliyofuata akawaambia wenye shughuli, "Mwiteni Asha, huyu sasa keshajua." Angekuwa mpole akaninyamazia, nisingekuwa na kazi.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitaipamba. Kitu ulichokijaza ukakiweka kinapungua, hata kama hakuna mwizi. Lugha ya mama yako, urafiki, kazi ya mikono, yote ni hivyo. Usiniambie unampenda bibi yako wa Pemba; niambie simu umempigia lini. Na ukipata mtu wa kukusema na kisha kukusimamia, mshike, usinune.

Mungu akupe riziki ya halali na watu wa kukwambia kweli. Mimi kanipa: nyumba ya vyumba vitatu Thamesmead, duka la nguo za harusi Peckham, kamera nne, gari la mizigo, kiwanja Wete chenye nyumba ya mawe, na magoti ambayo bado yanapiga chini na kuinuka. Alhamdulillahi.