Niliyeyusha Rupia za Mawifi Zangu

Wajukuu zangu mlioko mjini, najua mnausoma ukurasa huu kuliko mnavyopokea simu zangu. Tangu mahindi yakiwa machanga hamjakanyaga hapa. Aibu kwenu. Leo lakini aibu kubwa ni yangu mimi, ndiyo maana nimewafuata hukuhuku. Admin, nifichie jina, ila maneno yangu yaache yalivyo. Nimeyasema kwenye simu kwa sababu kuandika sijui, shule sikupelekwa hata siku moja.

Umri wangu wananikadiria sabini na tano. Ni mjane, niko Iringa, na katika ukoo wa marehemu mume wangu mimi ndiye mke wa mtoto wa kwanza. Kwa hiyo kisanduku cha mama mkwe kilikuja kwangu. Ndani yake mlikuwa na rupia tano za Mjerumani, za fedha yenyewe, zina sura ya mtu mwenye ndege juu ya kofia. Kila moja ilikuwa ya wifi yangu mmoja. Aliivaa siku ya kuolewa, imefungwa kwenye pindo la kanga, ikarudi kisandukuni kumsubiri mjukuu atakayebeba jina lake, naye aivae siku yake. Wanne wamekwisha kufa. Amebaki mkubwa wao, na rupia yake ilikuwa na tundu. Baba yake aliitoboa kwa msumari ili binti asiipoteze njiani, tundu likakaa upande, karibu na shingo ya yule mtu.

Mwaka huu wezi waliingia kwa jirani wakabeba hadi sufuria. Nikaogopa. Nilikuwa nasafiri kwenda Mbalizi kwa binti yangu aliyejifungua, nikazifunga zile rupia kwenye kitambaa nikaenda nazo kifuani. Kule redio ya mkwe wangu haizimwi, na kila siku ilikuwa dhahabu, dhahabu. Kwamba nchi sasa inanunua dhahabu yake yenyewe na kuiweka akiba, imepangwa kama matofali. Nikajisemea, wenye akili wanaweka matofali, mimi nahangaika na visarafu vya kudondoka kwenye mfuko uliotoboka! Nikamtafuta sonara.

Yule kijana alinikataza, Mungu anamwona. Alizigeuza moja moja akasema, "Bibi, hizi ziache hivi. Kipande kinapimwa uzito tu, basi. Sarafu ina uzito na ina sura, kuna watu wanaitafuta kwa ajili ya sura hiyo. Ukiyeyusha, hairudi."

Nikamwambia, "Baba, kwa hiyo serikali ni wajinga? Mbona wao wanaweka matofali?"

Akacheka. "Serikali, bibi, inaweka ili dunia iamini shilingi yake. Haina wifi wa kumrudishia kitu."

Maana nilishamweleza ni za nani. Akaniuliza tena, "Wenyewe wamekubali?" Nikamjibu kwa ukali, "Mtunzaji ni mimi. Washa moto." Hayo maneno yananiunguza mpaka leo. Akazitia kwenye kikombe cha udongo, nikaona ile sura ikilegea, kofia, ndege, tundu, vyote vikawa uji unaong'aa. Akamimina. Nilitegemea tofali. Nikapewa kitu kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

Sikumwambia mtu. Nikarudi nacho Iringa, nikakifungia.

Wiki iliyopita wifi yangu akapiga simu. "Kamwene wifi! Mjukuu wangu, yule mwenye jina langu, sendofu yake mwezi ujao. Nitolee ile yangu yenye tundu, uing'arishe kwa majivu."

Nikasema, "Ipo wifi, inakusubiri."

Akacheka kwa furaha. "Ndiyo maana mama alikupa wewe. Mimi ningeshaibadilisha kwa pombe!"

Huyu ni mwanamke aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati uchungu uliponikamata shambani, na yeye mwenyewe alikuwa na mimba. Sasa macho yake yameingia ukungu, haoni vizuri. Anajua vitu kwa vidole.

Na hapo ndipo nilipofika pabaya. Nimezunguka mjini nikapata rupia nyingine, sura ileile, kofia ileile, kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale. Nimeuza mbuzi wawili kuipata. Iko mezani. Pembeni nimeweka msumari na jiwe. Nimefumba macho nikapapasa ile sarafu nikitafuta pale tundu lilipokuwa, nijifunze kumdanganya kipofu. Mimi! Niliyewachapa nyie kwa kuiba karanga!

Nilifikiria pia kumrudia sonara akikate kile kipande mara tano. Lakini niambieni, katika kipande kile wifi yangu yuko upande gani? Na wale wanne waliolala kaburini, nitawapa wajukuu zao pembe ipi?

Nikisema ukweli, ukoo utaninyang'anya kisanduku, na ni haki yao. Hilo nalimeza. Siwezi kumeza wifi yangu kunyamaza upande wa pili wa simu. Nikitoboa, binti ataolewa kwa furaha, na mimi kila nikiitwa wifi nitakuwa mwizi. Nyie mliosoma, na nyie ambao hamkusoma kama mimi, nipeni akili: nitoboe, au niende nikaseme?

Na nyie wajukuu zangu, safari hii mkija msianzie kwangu. Anzieni kwa wifi yangu, mshikeni mikono, kaeni mpaka aongee. Halafu njooni mniambie kama bado ananiita wifi.