Akina Katembo wa Namuwongo

Siku niliyomwona Katembo kwa mara ya kwanza, alikuwa ameshika sikio la mwanajeshi. Alikuwa kinyozi, Mkongo, na kiti chake kilikuwa kando ya reli pale Namuwongo, Kampala.

"Afande, tulia," alisema. "Bunduki ina spea, sikio halina."

Mwanajeshi akacheka. Mimi nilikuwa nasubiri zamu nyuma ya magunia yangu ya mkaa, maana sipendi kutazamwa.

"Papa wa mkaa, sogea! Au nikunyoe kwa barua?" Katembo aliniita; kwao papa ni baba.

Tangu hapo alininyoa kila Jumamosi, akiongea kwa niaba yetu sote wawili.

Mwaka 1975 polisi walikuwa wakimtafuta Mkongo mwizi wa baiskeli, jina Katembo. Wakamwuliza kinyozi, "Wewe Katembo?" Akasema ndiyo. Wakamfunga pingu. Kwao, Wanande, mtoto wa kiume wa tano huitwa Katembo, nyumba hii na ile. Aliwaeleza hivyo, wakamcheka.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja, mwenyeji wa mtaa wa Mengo, alikamatwa akiwa juu ya baiskeli ya wizi. Baba yake mdogo alimdhamini, na kijana akalala nyumbani kwao. Nami nikaenda kumdhamini Katembo.

"Ni ndugu yako?" Afande Okullo wa kituo cha polisi aliniuliza.

"Ananinyoa."

"Basi tafuta kinyozi mwingine."

Nilizunguka Namuwongo nikibisha milango, mimi nisiyejua hata kuomba maji kwa jirani, nikiwasihi akina Katembo wengine waje mahakamani kuonyesha kuwa jina hilo ni la wengi. Wengi walikataa. Hawakuwa na karatasi, na waliogopa. Walikuja muuza samaki, fundi wa kujenga na mzee mmoja wa mtaa jirani wa Kansanga. Karani alipoita "Katembo!", wote wakasimama pamoja na mshtakiwa. Hakimu mwenyewe alicheka. Ndipo akamwita mwenye baiskeli, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza lolote. Akawatazama mmoja mmoja.

"Mwizi wangu hayumo."

Kesi ya wizi ikafutwa. Wale watatu wakaondoka upesi. Lakini hakimu akaagiza kinyozi arudishwe mpakani, kwa kuwa ni mgeni asiye na karatasi. Yule kijana wa Mengo bado nilimwona akipita huru, akipiga mluzi.

Nilimpelekea Katembo mkate kwenye lori la polisi. Aliupokea, akanitazama kichwani muda mrefu.

"Papa Saverio, nywele zimekuwa msitu. Nenda kwa yule Katembo fundi, anajua kunyoa. Ila ukiwa kwenye kiti chake usicheke, mkono wake mzito, na sikio halina spea."