Idella Apewa Namba ya Mwisho

Mdogo wangu Idella alikuwa na miguu mizuri, na hapa mjini Dunmire kila mtu aliisifia. Mimi ndiye dada mtu, Nettie, mwenye mikono ya kazi. Mikono haisifiwi na mtu.

Baba yetu alikuwa seremala, alipigilia mbao za jukwaa la Ukumbi wa Dunmire enzi za maonyesho ya mseto: waimbaji, wachekeshaji, mbwa waliofunzwa, kila wiki kundi jipya linashuka kwenye treni. Idella alipotimiza miaka kumi na saba akaondoka na kundi moja, na viatu vyake vya kucheza vyenye vyuma chini. Mimi nikabaki kwenye kibanda cha tiketi. Mama, mpaka anakata roho, alimsomea kadi za posta alizotuma Idella kila aliyekanyaga kwetu. Leo Idella yuko Cleveland, kesho Buffalo, juzi kapewa maua. Mie nikimletea supu, ananiambia haina chumvi.

Sinema ikaja, jukwaa likazibwa kwa kitambaa cha kuonyeshea picha, vyumba vya wasanii vikawa stoo ya makaa. Nikakata tiketi za sinema mpaka nayo ikafa, paa likavuja, njiwa wakahamia. Mwaka juzi mji ukaamua kuufufua ukumbi. Nani alipanda ngazi kukwangua rangi ya kahawia mpaka maua ya dhahabu yakatokea ukutani? Mimi, na magoti haya mabovu. Viti vile vyekundu nani alivishona upya? Mimi na akina mama wa kanisani. Halafu Bwana Ruhl, mfamasia wetu na mwenyekiti wa kamati, akanijia anachekacheka.

"Bi Nettie, siku ya ufunguzi tumlete Idella. Nyota wetu wenyewe."

"Mleteni," nikasema.

Ila kupanga ratiba niliachiwa mimi, na hapo ndipo nilipomkomoa. Watu wa jukwaani wanajua: namba tamu, yaani zamu ya kupanda jukwaani, ni ya kabla ya mwisho. Ya mwisho anapewa asiye na thamani, acheze huku watu wanavaa makoti na kugombania mlango. Kumpa mtu namba hiyo ni kumtukana bila kufungua mdomo. Bwana Ruhl hakulijua hilo, akaona nimempa dada mtu heshima... mdogo mtu, nataka kusema, ona hasira zinavyonichanganya. Nikamwandika Idella baada ya bendi ya zimamoto.

Akaja, mvi zimetengenezwa saluni, mji mzima unamkumbatia. Nikampelekea ratiba chumba cha kuvalia, nikasimama palepale nimwone uso. Akaisoma, akakaa kitako.

"Dada, nani alikwambia?"

"Aniambie nini?"

"Kwamba namba yangu ni hii." Akaanza kufunga viatu. "Miaka yote ile nilipewa ya mwisho tu. Sura za watu sizijui, najua migongo. Nilidhani nyumbani hamna habari."

"Na zile kadi?"

"Sasa mama ningemwandikia nini?"

Miaka hamsini nimemwonea wivu mtu anayecheza mbele ya migongo ya watu.

Bendi ikamaliza, watu wakaanza kunyanyuka. Nje theluji inaanguka, kila mtu anawaza gari lake. Idella akatoka, akaanza kugonga viatu taratibu, wala hakuwatazama. Nikakimbia kadiri magoti yalivyokubali, nikasimama kwenye mlango mkubwa, nikatanua mikono.

"Hatoki mtu. Rudini mkae."

"Bi Nettie, gari langu..." akaanza Bwana Ruhl.

"Gari lako halitakukimbia. Kaa."

Wakarudi. Idella akasikia viti vikilia, akainua uso, akawaona. Akakosea hatua moja, kisha akacheza vile ambavyo sikuwahi kumwona akicheza hata usichanani. Ukumbi mzima ukasimama na kushangilia. Mimi niko mlangoni, mikono bado nimeitanua, machozi yananitoka, na wivu, naapa, ulinikaba kuliko siku zote.