Mtoto Aliyeitikia Akiwa Hayupo

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilipoalikwa kusoma hadithi yangu kwenye kituo cha televisheni cha hapa Amu, kisiwani Lamu. Siku hizo nywele zangu nyeusi zilikuwa bado zinazishinda nyeupe. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja tu, ghorofani kwenye nyumba ya mawe, lakini tulikipenda kama jamaa yetu. Kipindi cha watoto kikianza, hata wapiga soga wa barazani walinyamaza.

Mtangazaji, Bi Salma, alinipa dakika kumi. Nikadai ishirini, tukapatana kumi na tano pamoja na kikombe cha kahawa. Ndivyo nilivyo, hata salamu naweza kuiombea punguzo.

Watoto watano waliketi mkekani. Niliwahesabu mara mbili, kwa mazoea. Nikaita, "Paukwa!" Wakajibu kwa haya, "Pakawa!" Nyuma yao ikaja sauti ya sita, nyembamba, yenye kitembe, imechelewa kidogo kama ya mtoto ambaye bado anapanda ngazi. Nikahesabu tena. Watano. Nikaita tena, na sauti ikaja vilevile, kwa kuchelewa kulekule. Watoto wakageuka kutazama mlango. Hapakuwa na mtu.

Matangazo ya biashara yalipoingia, nilimwendea fundi wa sauti, kijana mgeni aitwaye Twalib.

"Nani yule?"

"Ni sauti ya akiba, Bi. Watoto wakiona haya, naongeza ya zamani. Si inachangamsha?"

"Mimi imenisimamisha nywele."

Kabla hajajibu, tukasikia hodi ngazini. Akaingia Bi Zainabu wa mtaa wa Wiyoni, buibui amelivaa kinyume, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Alimtazama kila mtoto usoni, kisha akafunua pazia, akatazama nyuma yake.

"Mwanangu yuko wapi? Nimemsikia yeo, sasa hivi, kwenye televisheni ya jirani."

Bi Salma alijiziba mdomo. Ndipo na mimi nikakitambua kile kitembe. Kilikuwa cha Omari, aliyekuwa akija kipindini kila wiki mpaka homa ilipomchukua. Mji mzima ulimzika. Twalib alikuwa hajafika Amu bado.

"Pole sana, mama. Naifuta saa hii," akasema, kidole kikienda kwenye kitufe.

"Usimguse!" Bi Zainabu akamsogelea. "Mumemwita mara ngapi?"

"Kila kipindi, mama. Tangu mwezi mtukufu."

"Akishaitika?"

"Akishaitika... naizima."

"Mwamwita, aitika, kisha mwamuata ndiani, mwamwacha njia nusu. Mwanangu hakulala hata siku moja kabla ya hadithi kwisha. Sasa atalala vipi?"

Nikarudi kitini. Bi Zainabu akaketi mkekani, akaacha nafasi ndogo ubavuni pake. Nikaita, "Paukwa!" Twalib akabonyeza. "Pakawa," ikajibu, kwa kuchelewa. Nikasoma hadithi yote bila kuruka ukurasa, matangazo yakangoja, na mwisho nikasema, "Hadithi yangu imeishia hapo." Bi Zainabu alivuta upande wa mtandio wake, akaifunika ile nafasi tupu. Kisha akashuka ngazi polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine.

Twalib alitaka kumnakilia mama ile sauti. Akabonyeza. Ikatoka pumzi tu, ndefu, ya taratibu. Nikamwambia arudie, unanijua. Pumzi ileile. Sina maelezo, na wanaoyauza sinunui kwao.

Basi, mwanangu, wewe ambaye simu yako hunasa kila kitu: kabla hujatumia sauti ya mtu au sura yake, mwombe ruhusa. Kama hayupo, panda ngazi ukamwombe aliyemzaa. Na ukimwita mtoto kwenye hadithi, usiinuke mpaka uimalize, hata akiwa mmoja, hata kama humwoni.

Mola akujaalie uitwe na wanaokupenda, uitike ungali hai, na siku ya kulala ulale umefunikwa vyema. Amin.