Usaili wa Jiko Lisilo na Moshi

Andika, mjukuu wangu, kwamba baba yangu alizaliwa Mlali, upande wa Kongwa, akachunga ng'ombe wa watu mpaka akapata wa kwake. Na kwamba mama yangu alizaliwa Mvumi, akaolewa akiwa hajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yake. Majina yao sitayatamka, kwa kuwa nililelewa nisiyatamke, na wewe usiyajaze hapo kwa sababu tu unayajua. Mimi nilizaliwa Mlali. Shule sikwenda. Nilipofikia umri wa kupelekwa nilikuwa na vikope, ugonjwa wa macho uliokuwa ukiingia katika nyumba zetu bila kubisha hodi, na baba akasema mtoto asiyeona ubao heri afundishwe kuona ndama.

Kwa sababu hiyo dunia nimeiona siku zote kupitia utando mwembamba. Asubuhi vilima vya huku kwetu hunijia vikielea, bila miguu. Mtu anayekuja njiani huwa kwanza kivuli, kisha sauti, na mwisho ndipo anapokuwa mtu. Sikulihesabu hilo kuwa shida. Niliishi ndani yake kama mtu anavyoishi katika nyumba yenye dirisha dogo.

Shida ilikuja na moshi. Unajua kwamba nilipika kando ya barabara itokayo mjini kuelekea mashariki, kwa ajili ya mafundi wanaojenga majengo ya serikali, na kwamba nilipika juu ya mafiga, kwa kuni. Mwaka ule wewe ulipoanza chuo huko Hombolo, daktari wa macho alinifunua kope, akatazama kwa muda mrefu, akasema kwa upole kwamba makovu ya utotoni hayaondoki, lakini moshi unayachokoza kila siku, na kwamba nikiendelea kupikia kuni utando ule utakuwa pazia. Nilimuuliza pazia hilo litashuka lini. Akasema hajui, ila litashuka. Nikarudi barabarani nikawasha moto, kwa maana sikuwa na kazi nyingine.

Sikuwa peke yangu pale. Mwenzangu alikuwa mwanamke wa Kondoa, Mwislamu, mjane kama mimi, mpole wa mikono na mwepesi wa ulimi. Tulichangia banda moja na kuni zilezile, yeye mafiga yake na mimi yangu, na kwa sababu hiyo aliniita mke mwenza, nami nikamwita hivyo hivyo. Mafundi waliposikia walicheka, wakauliza mume yuko wapi. Yeye aliwajibu, "Mume wetu ni huyu moto. Hatosheki, halali, na kila siku anataka kuni."

Msimamizi mmoja wa mafundi ndiye aliyetuletea habari. Kampuni kubwa, ile inayolisha watu wa maofisi, ilikuwa inatafuta wapishi wa vyakula vya asili: ugali wa uwele, mlenda, kunde, vitu ambavyo vijana waliosomea mapishi hawakufundishwa. Walitaka watu wazima, na cheti hawakukidai. Nilimuuliza jambo moja tu, wanapikia nini. Akasema, "Gesi, mama. Ndani ya jengo lile hakuna hata njiti ya kuni." Tangu saa hiyo niliitaka kazi ile kwa namna ambayo sijawahi kutaka kitu, na sikumwambia mtu.

Fomu ulitujazia wewe, siku ya likizo, umekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Ulifika mahali ukasita.

"Bibi, hapa wanataka ueleze sifa zako."

"Waambie wamuulize mtu mwingine."

"Hawana wa kumuuliza, Bibi. Wanakuuliza wewe."

Mwenzangu akaweka mwiko chini. "Niachie mimi. Andika, mjukuu wangu: huyu anaamka kabla ya jogoo, hajawahi kuunguza ugali, na fundi akileta maneno machafu humtazama mara moja tu, fundi akanyamaza mpaka Jumatatu. Ongeza kwamba ni mkali."

"Ukali si sifa," nikasema.

"Kwa mpishi ni sifa. Chakula chenyewe kinakuogopa, hakithubutu kuungua."

Ilipofika zamu yangu ya kumsemea yeye nilifikiri, kisha nikakuambia uandike kwamba mlenda wake hauna mchanga.

"Basi?" akauliza. "Mimi nimekujengea nyumba nzima, wewe umenipa kigingi kimoja?"

"Anayejua mlenda atajua nimesema nini."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio wake. Hapo ndipo tulipoafikiana. Kwetu kijana haendi mwenyewe kujisifu kwa wakwe. Hutuma mshenga, naye mshenga humsemea yale ambayo mwenye haja akiyasema mwenyewe yanageuka aibu. Tukasema kwamba mbele ya wakubwa wa kampuni, kila mmoja wetu atakuwa mshenga wa mwenzake. Wakimuuliza yeye, atanisema mimi. Wakiniuliza mimi, nitamsema yeye.

Usaili wa kwanza waliuita wa mchujo. Jengo la kampuni lilikuwa la vioo, limesimama peke yake katika uwanda mwekundu, na mawingu yalikuwa yakitembea ukutani. Nilisimama nikiyatazama mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Ndani tulikaa wengi kwenye viti vya plastiki, na kijana mmoja mwenye kishikwambi alipita akiuliza.

"Mama, una uzoefu wa miaka mingapi?"

"Tangu kichwa changu kilipofikia mdomo wa chungu."

Akaandika namba. Sikujua ni ipi, wala sikuuliza. Wengi waliambiwa waende nyumbani, sisi tukaambiwa tutapigiwa simu.

Zikafuata wiki za kungoja, nazo nazikumbuka kuliko siku za usaili wenyewe. Kilikuwa kiangazi, upepo ukisukuma vumbi kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine. Mchana, mafundi wakiisha kula, nilisinzia nimeegemea nguzo ya banda, na kila niliposinzia nililiingia jengo lile. Ndani yake nilitembea bila kugusa kitu. Sufuria zilichemka bila sauti, moto haukuwa na harufu, na nilipoinua mikono yangu niliona mistari ya viganja vyangu, mmoja mmoja, kama nilivyoiona nikiwa mtoto kabla ya vikope. Kisha mtu alisema, "Mama, maji," nikafungua macho nikakuta moshi.

Usaili wa pili ulikuwa wa vitendo. Tulipewa aproni nyeupe na kofia za karatasi, tukaingizwa katika jiko ambalo nilikuwa nimeshalizoea katika usingizi, isipokuwa lilikuwa kubwa zaidi na lilinguruma kidogo. Msichana mmoja alizungusha kitasa, moto ukaota duara la bluu. Nikapika ugali wa uwele, nikapekecha mlenda wa karanga. Mwenzangu alikuwa kwenye jiko la pembeni yangu. Muda si mrefu nikatambua kwamba sijafuta macho tangu nilipoanza. Nikainua uso, nikaona vigae vya ukuta wa mbali na mistari iliyo baina yake. Kisha nikamgeukia yeye, nikaona kwamba ana alama ndogo juu ya nyusi, na kwamba nywele za kando ya sikio, pale kofia ilipoishia, zimekuwa nyeupe.

"Unanitazama nini?" akauliza.

"Nilikuwa sijakuona."

"Miaka yote hii?"

"Kulikuwa na moshi."

Watu wawili walipita na vijiko vidogo, wakaonja, wakaandika. Siku nyingine tukapelekwa kupimwa afya, damu na kifua. Halafu simu ikaita tena.

Usaili wa tatu ulikuwa wa mahojiano. Tulibaki wawili. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi ndani ya ukumbi mrefu uliong'aa kama umemwagiwa maji, ndipo karani alipokuja kutuambia kwamba wapishi wengine wamekwisha kupatikana na nafasi iliyobaki ni moja. Alisema hivyo kwa adabu, akaondoka bila viatu vyake kutoa sauti.

Mwenzangu alinigeukia. "Basi, mke mwenza, leo mmoja wetu anaachika."

"Ndiyo."

"Maafikiano yako palepale?"

"Palepale," nikasema.

Yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Alikaa ndani muda ambao mtu angeweza kuchambua ungo mzima wa mchele. Alipotoka alijifunga vizuri mtandio wake, akaniambia, "Wapole. Ingia."

Walikuwa watatu, wote wa umri wa watoto wangu: wanaume wawili, na mwanamke mwenye miwani aliyekaa katikati. Waliniamkia shikamoo kwa pamoja, nami nikaitikia marahaba, kisha wakaanza kunipima. Dirisha la nyuma yao lilikuwa limejaa mwanga, hata nyuso zao ziliyeyuka humo zikabaki sauti. Waliniuliza ningefanya nini chakula kikipungua wakati watu bado wamepanga foleni. Nikawajibu. Waliniuliza ningesemaje na mkubwa ambaye ni mdogo kwangu kwa umri. Nikawajibu kwamba ningeheshimu cheo chake, naye angeheshimu mvi zangu.

Kisha mwanamke yule akasema, "Mama, tuambie kwa nini tukuchukue wewe."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kumsema mwenzangu. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga usiku wote: kwamba ana mkono mwepesi wa chumvi, kwamba mwaka nilipougua alipikia mafiga yake na yangu na hakuniambia kama alichoka, kwamba watu humsikiliza kwa hiari ilhali mimi hunisikiliza kwa hofu. Nilifungua kinywa ili niyaseme. Mlango ule wa ukumbini ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na kutoka mbali, chini, nilisikia jiko la kampuni likinguruma.

Nikajisema mimi. Nilisema naamka kabla ya jogoo. Nilisema sijawahi kuunguza ugali. Niliyatumia maneno yaleyale aliyonipa yeye, nikayavaa kama nguo niliyoshonewa, na yalinikaa vizuri. Niliongeza mengine ya kwangu. Sikujua kwamba ninayo mengi kiasi kile.

Waliposikia nimemaliza, mmoja wa wanaume alitazama karatasi yake. "Mwenzako aliyetoka sasa hivi amesema wewe ni mpishi bora kuliko yeye. Tulimuuliza habari zake, yeye akatusimulia zako. Je, wewe unamwonaje?"

Nikasema, "Ni kweli alivyosema."

Sikusema zaidi. Wakangoja, wakidhani ninavuta pumzi. Mwanamke yule akaandika neno moja, wakanishukuru, nikatoka.

Simu iliita baada ya siku tano, ukaniwekea sauti kubwa nikaisikia mwenyewe. Kazi ilikuwa yangu. Yeye alipelekewa ujumbe wa kumshukuru kwa kushiriki, akamwomba fundi mmoja amsomee.

Nilikwenda kumwambia kabla sijaanza kazi, kwa sababu nisingeweza kumpita barabarani kila asubuhi nikiwa nimelificha jambo lile. Nilimkuta anachochea. Mafiga yangu alikuwa ameyasogeza kando, hakuyatoa.

"Waliniuliza habari zako," nikasema.

"Najua. Nilijua watakuuliza. Ukasemaje?"

Nikamwambia nilivyosema, kwa maneno yaleyale matatu ya aibu. Alivunja kijiti vipandevipande.

"Basi hukusema uongo," akasema.

Upepo ukageuka, moshi ukanijia usoni, macho yakaanza kutoka maji. Hapo akanyoosha mkono wake, akanisukuma begani taratibu. "Rudi nyuma, mama. Utaumia macho."

Tangu siku ile hajaniita mke mwenza. Nikipita hunisalimu vizuri, huniita mama, hunitengea kigoda mahali ambapo moshi haufiki, na hunishika mkono kwa mikono miwili kama mtu anavyomshika mgeni wa heshima. Sijapata kuadhibiwa kwa upole kiasi kile. Macho yangu hayajashukiwa na pazia. Namwona vizuri sana, nikiwa mbali bado, kabla hajawa sauti.

Sasa sikiliza cha kuhifadhi. Barua ya kuajiriwa unaweza kuitia mahali popote. Karatasi hizi uzinakili mara mbili kwa mwandiko wa kusomeka; moja ikae kwako, na ya pili uipeleke barabarani mwenyewe, usimtume mtu, ukamsomee yeye akiwa amekaa. Usiandike kwamba nililia, kwa sababu ule ulikuwa moshi. Usiandike kwamba nilifanya vile kwa ajili yako. Nimeona kalamu yako ikisita mara mbili ulipofika kwenye jibu langu kwa wale watatu. Liache kama nilivyolitamka, fupi vilevile. Lakini yale niliyokuwa nimeyapanga kumsemea, ya mkono wa chumvi, na ya mwaka nilipougua, na ya watu kumsikiliza kwa hiari, hayo umsomee polepole. Akikwambia urudie, rudia. Asipokwambia, kunja karatasi, umwachie, urudi nyumbani.