Waya za Plagi na Maksai wa Babu

Nilipofungua boneti, panya akaruka. Panya kweli, mnene, ameshiba kuliko mimi, akapita juu ya mguu wangu na kuzama kwenye rundo la pamba. Nikapiga kelele peke yangu mle ghalani, kisha nikaona aibu, ingawa hapakuwa na wa kuniona. Waya za plagi zote nne zilikuwa zimetafunwa, vimebaki vipande vipande kama makapi ya muwa.

Rafiki yangu, hiyo ndiyo salamu niliyopewa nyumbani Zagayu. Babu tulishamzika, na mji wake sasa uko chini ya baba mdogo. Msimu wa pamba umefika, anahitaji nafasi ghalani. Asubuhi alikuwa ameniambia, bila ubaya wowote, akiniita mama kwa kilugha chetu, "Mayu, hilo gari likiwaka leo, lichukue, uende nalo. Lisipowaka, wale wa chuma chakavu wanakuja mchana kulikatakata."

Gari lenyewe ni la spoti, milango miwili, viti viwili, na lipo chini kiasi kwamba kuku walikuwa wanalipanda bila kupiga bawa. Fundi mkuu mgeni wa kiwanda cha kuchambua pamba ndiye aliyemwachia babu alipomaliza mkataba wake, mimi sijazaliwa. Hebu niambie, gari kama hilo la nini huku kwetu, kwenye mbuga ya udongo mweusi, ambako mvua ikinyesha hata punda anakwama? Masika yote lililala ghalani. Kiangazi babu alilitoa, akavaa koti, akaenda nalo mnadani huku mbuzi amekaa kiti cha abiria. Watu walicheka, naye akapiga honi.

Mimi nililetwa hapa mama yangu alipofariki. Miji ya majirani ilijaa watoto. Wetu ulikuwa na wazee wawili na mimi. Jioni nikisikia watoto wa jirani wanagombana, nilitamani hata wa kugombana naye. Bibi alinichemshia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akachanganya na karanga zilizotwangwa, nami nikachukua bakuli langu nikaenda kula ndani ya gari. Nilishika usukani, nikalisimulia habari za shule, mwalimu alivyokasirika, nani kamwagia nani maji. Usinicheke. Nilikuwa mpweke, na lile gari lilikuwa rafiki yangu.

Pamba ikishauzwa na ghala likibaki tupu, kazi ya kwanza ya babu ilikuwa waya. Panya hufuata mbegu za pamba, na mbegu zikiisha hugeukia waya. Babu hakutaka habari za namba. Plagi nne zile alizipa majina ya maksai wake wa kulimia. Ya mbele kabisa, karibu na rejeta, ni Sheria. Inayofuata Subira. Ya tatu Makelele. Ya mwisho ni Bwana Shamba, kwa sababu ng'ombe huyo naye alipenda kusimama akatazama wenzake wakilima. Babu aliinama juu ya injini, ananukia petroli na tumbaku, akaita jina, nami nikampa waya. Nikikosea aliniita mwanangu kwa kilugha, akasema, "Aa, ng'wanone, huyo hajaitwa." Siku hizo ndizo nilizojiona nina kwetu.

Waya mpya nilizipata Bariadi mjini, asubuhi hiyohiyo, kwa bodaboda. Muuza spea, mzee mmoja wa kanzu, alitaka kujua ni za gari gani. Nikamwonyesha picha, akacheka mpaka akavua miwani. "Binti yangu, hili bado lipo duniani?" Akanipimia waya za pikapu, akasema zitafika.

Basi nikafunga betri ya trekta ya baba mdogo, nikamimina petroli, nikaanza. Waya hutoka kwenye distributa, kile kikombe kinachogawa umeme, kila moja ikaenda kwenye plagi yake. Tundu la Sheria nililijua, babu alilikwaruza kwa msumari. Mengine nikayafuatisha kama plagi zilivyojipanga: Subira, Makelele, Bwana Shamba. Nikawasha. Gari likapiga chafya, likatema moshi, likanyamaza. Nikarudia, likapiga kishindo, kuku wakatimka wote. Baba mdogo, aliyekuwa amekuja kusimama mlangoni, akatazama barabarani kama wale wa chuma chakavu wanakuja.

"Baba," nikamwambia, "babu alikuwa anawaitaje maksai wake shambani, nani kwanza, nani baadaye?"

"Maksai gani tena, mayu? Mimi miaka hiyo nilikuwa Shinyanga nasoma."

Bibi katangulia, babu kafuata, na katika dunia nzima hakuna aliyebaki aliyewajua ng'ombe wale ila mimi. Ningemuuliza nani?

Nikatoka nje, nikashika mpini wa jembe kana kwamba ni plau, nikaita kwa nguvu kama babu. Sheria! Makelele, we! Bwana Shamba, twende! Subira-a-a! Mdomo ulikumbuka kabla ya kichwa. Babu alimwita Sheria aanze, akamtuliza Makelele, akamkemea Bwana Shamba, na Subira akamwacha wa mwisho kwa sababu hakuhitaji kusukumwa. Kwenye distributa alifuata mwito huohuo. Nilikuwa nimewapanga ng'ombe walivyosimama, kumbe walitakiwa wapangwe walivyoitwa.

Nikahamisha waya. Kirikuu cha watu wa chuma chakavu kilikuwa kimeshaingia uani. Nikazungusha ufunguo, na gari likawaka. Likawaka kweli, likanguruma, vumbi la ghala likanyanyuka. Wale vijana wakashuka, wakalizunguka, mmoja akasema, "Aa, hili zima mama, tutakata nini hapa?" Wakaondoka zao.

Nami nikabaki kwenye usukani, sizimi. Baba mdogo akaja dirishani akaniuliza nasubiri nini, mafuta yanaisha. Ningemwelezaje? Kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Mimi nilikuwa nawasha, babu anasikiliza kichwa kikiwa ndani ya boneti, na sikuruhusiwa kuzima mpaka yeye aseme.

"Baba," nikamwambia, "naomba uniambie nizime."

Mtu mwema yule akaenda mbele ya gari, akainama juu ya injini asiyoijua, akasikiliza.

"Haya, mayu. Zima."

Nikazima. Nikaweka kichwa juu ya usukani nikalia, maana alisema vizuri kabisa, na haikutosha.